Nani Kaitia Mafuta?

Ilikaa chini ya ngazi, Ruwi, jengo la nyuma ya duka la mapazia,
imefunikwa shuka la hospitali,
matairi yamelala kwenye rimu
kama ngamia aliyekataa mzigo.
Miaka ishirini na mbili haikuzunguka hata mara moja.
Basi nilipokuta imekwenda, na shuka limekunjwa,
pembe kwa pembe, limewekwa juu ya mpira wa maji,
sikujua kilichonichoma zaidi:
wizi, au ile adabu.

Kituoni afande kijana akavuta karatasi.
"Thamani yake?"
Nikamwambia: Raleigh, nyeusi, ya kike, haina bomba la juu.
Mama alikuwa mkunga, Wete mpaka Konde, usiku,
taa ya dinamo ikififia kila penye mlima,
mikasi na uzi kwenye kariya.
Siku ya kusafiri aliacha masanduku mawili bandarini.
Baiskeli hakuiacha.
Afande akasubiri nimalize.
"Thamani yake, kwa riale."
Nikasema ishirini. Akaandika ishirini.
Nikatoka nimemuuza mama
kwa bei ya nguru mmoja na ndimu zake.

Ijumaa tatu nilizimalizia Wadi Kabir,
kati ya mafriji yasiyo milango na mazulia yaliyokwisha sala,
nikizipitia baiskeli
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti:
si yeye,
si yeye.
Nilikuwa na dalili mbili. Kengele iliyopasuka, sauti yake kikohozi.
Na bonde kwenye madigadi ya mbele, la ng'ombe wa Finya.
(Mama husema mpaka leo: ng'ombe ndiye aliyenigonga.)

Ni sikio lililoipata, si jicho.
Saa kumi na nusu alfajiri, nimo kwenye udhu,
nikakisikia kikohozi kinapita chini ya dirisha.
Nikashuka na maji usoni, kandambili moja,
nikapiga ukelele.
Akasimama. Alidhani nina gari la kuoshwa.

Shofikul. Ndoo mbili kwenye usukani, vitambaa shingoni.
Kiarabu chake cha sokoni, Kihindi changu cha sinema,
tukaelewana vibaya, kisha vizuri.
Aliinunua kwa mtoto asiyemjua, nyuma ya kituo cha petroli:
riale nane.
Matairi, nne. Mnyororo, mbili na nusu.
Magari kumi na moja kabla ya jua.
Nikamwonyesha bonde la ng'ombe.
Akalipapasa kwa kidole gumba.
"Nilijaribu kulinyoosha," akasema, "limekataa."

Nilimpa kumi na tano.
Akazihesabu chini ya taa ya barabarani, mara mbili,
akaingiza mkono mfukoni, akanirudishia nusu riale.
Kisha akazitungua ndoo zake, moja huku, moja huku,
akaenda,
na maji yaliyomwagika nyuma yake
lami ikayanywa papo hapo.

Sikuipanda. Niliikokota.
Na njia nzima inanisemea pembeni, tik tik tik tik,
kitu ambacho mimi sikuwahi kukisikia ikisema.

Mama macho yameshaingia mtoto wa jicho, anaona kwa viganja.
Akapapasa tandiko. Akapapasa usukani. Akafika kwenye bonde, akacheka.
Kisha akainyanyua nyuma, kwa nguvu sijui kazitoa wapi,
akasukuma pedali kwa mkono.
Gurudumu likazunguka.
Likazunguka.
Tukalisikiliza mpaka likachoka lenyewe.

"Nani kaitia mafuta?"

Nikasema chai inapoa.
"Wewe hujawahi," akasema. "Nani?"

Kesho yake niliamka kabla ya adhana, bila ya kuamshwa.
Chini ya dirisha hakuna kikohozi.
Nikangoja.
Halafu nikazisikia ndoo mbili,
zinakwenda kwa miguu.